Shangazi, niliyemruka ndiye aliyenifundisha kazi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Naomba usitaje jina langu wala la kampuni. Mji huu unakua kila siku, lakini watu wa ujenzi tunajuana.

Ni fundi sanifu. Niliajiriwa mwaka 2021 na kampuni ya ukandarasi yenye kazi zake upande wa Ihumwa na Mtumba. Nafasi zilikuwa mbili, na chini ya tangazo waliandika kabisa kwamba wanawake wanahamasishwa kuomba. Nikaomba, nikaitwa kwenye usaili, nikapata. Mama yangu, aliyenisomesha kwa karanga na mlenda wa kuuza soko la Majengo, alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimechumbiwa.

Saiti wakanipokea na jina: Viti Maalum. "Viti Maalum, lete kipimo." "Viti Maalum, leo jua kali, nenda kivulini." Ni utani, nami nikauzoea, ingawa kuna siku unachoma.

Aliyenitoa ugeni ni kaka mmoja wa Chamwino ambaye wote tunamwita Mtaalamu. Yeye ni kibarua, ana cheti cha ufundi cha VETA, na zege amelishika tangu akiwa kijana mdogo. Mimi chuoni kipimo cha slampu, kile cha kuangalia ulaini wa zege bichi, nilikifanya mara mbili tu, wanafunzi 40 tukigombea koni moja. Mtaalamu ndiye aliyechuchumaa na mimi kwenye vumbi: jaza theluthi ya koni, gonga kwa nondo mara 25, jaza tena, gonga, jaza, gonga, sawazisha juu, halafu nyanyua. Nilikuwa naivuta koni kwa pupa, zege linalala upande. Akaniambia, "Dada, hung'oi muhogo. Nyanyua kama unafunua chungu na hutaki mvuke ukuunguze." Mpaka leo nikishika ile koni nasikia sauti yake.

Miezi michache iliyopita tulihamisha ofisi kutoka nyumba ya kupanga kule Area D. Boksi moja likachanika, mafaili yakamwagika, nami nikawa naokota. Nikakutana na karatasi ya alama za usaili wetu wa 2021. Wa kwanza ni kaka tuliyeajiriwa naye pamoja. Wa pili, alama 74, ni Mtaalamu. Wa tatu ni mimi, alama 71. Pembeni ya jina langu kuna wino mwekundu: "Achukuliwe, lengo la wanawake."

Shangazi, sikujua hata kama aliomba. Miaka yote hii hajanigusia. Alinifundisha kazi ambayo ingekuwa yake.

Ningeweza kuikunja ile karatasi nikanyamaza, lakini sasa imefunguliwa nafasi moja, na mimi nimewekwa kwenye jopo la usaili. Tuko watano, mwanamke ni mimi peke yangu. Usaili umeshafanyika. Mtaalamu ameongoza tena, alama 73. Anayemfuata ni binti aliyemaliza chuo mwaka jana, alama 70. Nafasi yenyewe imetokana na dada mwenzetu aliyeacha kazi miezi mitatu baada ya kurudi kutoka uzazi. Tulikuwa wanawake watatu kati ya mafundi sanifu tisa, sasa tupo wawili. Meneja anasema kampuni imejiwekea lengo la theluthi na ripoti inatakiwa Desemba, kwa hiyo binti achukuliwe, tuendelee na kazi. Akanigeukia: "Wewe ndiye utakayeelewa zaidi." Uamuzi ni mwisho wa mwezi huu.

Nikisema achukuliwe Mtaalamu, ni kama natangaza kwamba hata mimi sikustahili. Nikisema achukuliwe binti, namruka mtu yule yule mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Dada mwenzangu pale kazini anasema nikimpitisha mwanaume nitakuwa nimeufunga mlango niliopitia. Mume wangu anasema nitulie, nisijitafutie ugomvi, mambo haya hata Marekani walikoyaanzisha wamefuta.

Kila asubuhi Mtaalamu anafika, anatusalimu wote "Mbukwenyi!", na mimi najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nimwambie nilichokiona? Nijitoe kwenye jopo? Kuna usiku nawaza niache kazi kabisa.

Viti Maalum, Nkuhungu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma jioni, nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi. Pole kwa usiku wa kugeuka kitandani.

Kama nimekuelewa, gunia ulilobeba lina mizigo miwili, na uzito wake unatokana na kuifunga pamoja. Upo mzigo wa 2021: kama nafasi uliyonayo ni halali yako. Upo wa mwisho wa mwezi huu: nani achukuliwe. Umeandika kana kwamba jibu la huu wa pili ndilo litakalokuhukumu kwenye ule wa kwanza. Mimi sina hakika na hilo, na ningependa tuufungue mmoja mmoja.

Nianze na wino mwekundu. Umeusoma kama hukumu: huyu hakuweza, kabebwa. Lakini yaliyoandikwa pale ni sababu ya mtu kuchagua kati ya watu waliokaribiana, alama 3 katika 100. Wewe mwenyewe juzi umekaa upande wa pili wa meza. Hebu niambie ukweli, mara ngapi uliandika 6 ukafuta ukaweka 7? Aliyeingia saa nne asubuhi mkiwa na nguvu, na aliyeingia saa tisa mkiwa mmechoka na njaa, walipimwa kwa mizani ile ile?

Ila sitakupaka mafuta. Hoja hii inakata pande zote. Kama alama 3 hazikutosha kusema kwamba hukustahili, basi hazitoshi pia kusema kwamba binti huyu hastahili leo, wala hazitoshi kusema Mtaalamu hakupoteza kitu. Alipoteza. Mtu aliyekuwa wa pili kwenye nafasi mbili akarudi kuwa kibarua ana haki ya kuumia, hata kama waliompita walipita kihalali.

Na kihalali ulipita. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kubagua, kisha inaeleza kwamba katazo hilo haliizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, kabila, mahali anapotoka, ujauzito, ulemavu na mengine mengi, halafu inasema hatua kama hizo zikilenga kuleta usawa kazini hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Kuna hata eneo ambalo sheria imeweka namba kabisa: ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Sijui kama kwenye ripoti ya Desemba ya meneja wako safu hiyo ipo. Muulize, kwa upole.

Kwa mumeo, mwambie Shangazi anamsalimu. Marekani, Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilizuia vyuo kuangalia rangi ya mwombaji katika udahili, na Januari 2025 Rais alifuta amri ya mwaka 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali kuu kujiwekea malengo ya kuajiri. Hayo ni yao, yana historia yao ya utumwa na ubaguzi wa rangi. Sheria zetu za hapa bado zipo.

Sisi tuna historia yetu. Waulize wazee wa Dodoma kuhusu kota za mikoa za kuingia sekondari, miaka ya 1970. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa ili mikoa iliyokuwa na shule chache nayo ipate watoto. Mtoto wa Kilimanjaro mwenye alama nzuri aliweza kubaki nyumbani, wa Dodoma mwenye alama pungufu akaenda. Kule Moshi walilalamika, na ukiwa mzazi wa yule aliyebaki utawaelewa. Lakini wapo waliokwenda kwa kota hizo wakarudi kuwa walimu na waganga wa vijiji ambavyo havikuwa na mtu. Sikupi mfano huu ili nikushawishi. Nakupa kwa sababu Mtaalamu ni mtoto wa Chamwino. Enzi zile huenda angeambiwa, wewe ndiye tunayekutafuta. Lengo la kampuni yenu linaangalia jambo moja tu, mke au mume. Haliulizi nani amesimama getini miaka yote hiyo akisubiri kuitwa.

Jina hilo la Viti Maalum nalo limenigusa. Viti hivyo vilianza bungeni mwaka 1985, na leo Katiba inataka visipungue asilimia 30. Watu wanavicheka. Sasa sitaki siasa kwenye safu hii, ila mwaka ule ule ulioajiriwa wewe aliapishwa Rais ambaye mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa kiti maalum, na mwaka 2010 akagombea ubunge wa jimbo la Makunduchi akashinda. Mlango alioingilia mtu hauelezi atakachofanya akishakuwa ndani. Wewe umepima zege tangu 2021. Kuna jengo lililorudiwa kwa sababu ya vipimo vyako? Kyubu zako za siku 28, vile vipande vya zege vya kupima nguvu, zilipasuka kabla ya nguvu iliyotakiwa? Hilo ndilo swali la kujiuliza usiku, na jibu lake unalijua kuliko mimi.

Tuje kwenye huu mzigo wa sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Umepita haraka sana kwenye habari ya yule dada aliyeacha kazi. Mistari miwili, basi. Lakini, mwanangu, rudi uhesabu. Mlikuwa watatu kati ya tisa. Theluthi ni hiyo hiyo! Lengo lilikuwa limeshatimia, likavuja. Kwa nini alirudi kutoka uzazi akadumu miezi mitatu tu? Sheria inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Sasa nyonyesha Mtumba wakati mtoto yuko Nkuhungu. Panda daladala, shuka, panda nyingine, na saa zenyewe zimeishia barabarani. Choo cha wanawake hapo saiti kipo, au ni kile cha mabati kimoja cha watu 60, mlango unafungwa kwa kipande cha waya? Hukuandika. Nimekisia tu, kwa sababu barua za saiti ninazozipata zinafanana.

Kama nimekisia sawa, basi Mtaalamu anaombwa alipie choo ambacho hakikujengwa. Na binti atakayechukuliwa naye ataolewa, atazaa, atarudi saiti ile ile. Baada ya miaka miwili mtakaa tena jopo, mtu mwingine wa Chamwino ataongoza kwa alama 3, na meneja ataangalia kalenda. Kuwaingiza wanawake ni kazi, kuwabakiza ni kazi nyingine, na ripoti ya Desemba inaonekana inahesabu ile ya kwanza.

Kitu kingine ambacho ningekiuliza kwenye kikao ni hiyo karatasi ya alama yenyewe. Ina nini? Kiingereza kimepewa alama ngapi? Uzoefu wa saiti je? Kuna mtu yeyote alimpa mwombaji koni na ndoo ya zege akamwambia tuonyeshe? Kama hakuna, basi mmempima Mtaalamu kwa yale asiyoyafanya kila siku, na bado ameongoza. Lakini na binti pia, kama alisoma chuo cha wanafunzi 40 kwa koni moja kama wewe, hamjui atakuwa nani akipata wa kuchuchumaa naye kwenye vumbi. Wewe ulikuwa hivyo hivyo. Unaweza kupendekeza jaribio la vitendo kwa wote wawili. Hatari yake uijue: kubadili sheria mpira ukiwa uwanjani kunanuka. Binti akisikia kwamba jaribio liliongezwa baada ya yeye kushika nafasi ya pili, atakuwa na wino mwekundu wake.

Kuhusu kujitoa. Una deni kwa mmoja wa waombaji, na deni la namna hiyo linatakiwa kusemwa. Unaweza kuwaambia wenzako kwenye jopo, mbele ya afisa utumishi: huyu ndiye aliyenifundisha kazi, nanyi mlijue hilo ninapozungumza. Wakikuambia utoke, toka. Wakikuambia ubaki, unabaki ukiwa mwepesi. Ukijitoa kimyakimya kwa kusingizia homa, utakuwa umewaachia wanaume wanne wajadili lengo la wanawake, na swali la choo halitaulizwa na mtu. Kwa upande mwingine, kubaki kutakugharimu. Meneja alikuweka pale akitegemea utaitikia. Usipoitikia, mahusiano yenu hayatakuwa kama zamani, na wewe una mtoto na kodi ya nyumba. Siwezi kukupimia gharama hiyo nikiwa mbali na jiko lako.

Ipo njia ambayo sijui kama mmeiwaza: lazima iwe mmoja? Mtu anayefanya kazi zenu tangu kabla ya 2021, anayefundisha mafundi sanifu, kumwita kibarua mpaka leo ni jambo ambalo afisa kazi angependa kulisikia kwa utulivu. Nafasi hii inaweza kwenda kwa yeyote kati yao, na bado suala la mkataba wa Mtaalamu likawekwa mezani kama suala linalojitegemea. Watakuambia bajeti hakuna. Inawezekana ni kweli. Lakini likiulizwa mbele ya watu watano likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, si sawa na lisipoulizwa kabisa.

Dada mwenzako anaogopa utaufunga mlango. Namwelewa, kwa sababu milango ya namna hiyo huwa inafungwa polepole na kila mara kuna sababu nzuri. Muulize tu kitu kimoja. Lengo hilo hapo kwenu linafanya kazi vipi? Linatumika pale watu wanapolingana? Linaongeza alama? Au ni kiti kilichotengwa? Ni vitu tofauti kabisa, na nahisi hakuna anayejua kampuni yenu inatumia kipi. Kama 2021 tangazo lingesema wazi kwamba tofauti ikiwa chini ya alama 5 mwanamke atatangulia, Mtaalamu angejua anagombea nini, na wewe usingeokota siri sakafuni. Hata utani wa Viti Maalum unapata nguvu kwa sababu kila mtu anahisi na hakuna aliyeambiwa.

Sasa, umwambie?

Karatasi ile ilikuwa na alama za watu wengine, na hukupewa uione. Kama uliipiga picha, usimtumie mtu. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata bila sheria, karatasi za usaili zikianza kuzunguka kwenye simu za saiti hakuna atakayepona. Halafu jiulize, ukimwambia, nani atapumua? Inawezekana ni wewe tu. Utakuwa umeuhamisha mzigo kutoka begani kwako ukamtwisha yeye, wiki chache kabla ya jibu lake.

Lakini fikiria na hili: labda anajua. Watu wa getini huwa wanajua mambo kabla ya ofisi. Labda alijua tangu siku ya kwanza ulipofika na buti mpya, na bado akachuchumaa. Kama ni hivyo, humfahamu kama unavyodhani. Si lazima aliyekufundisha alikuwa anakudai. Huenda alikuwa anapenda zege linyanyuke sawasawa, basi, na alipoona unaling'oa kama muhogo akashindwa kuvumilia. Kumshukuru unaweza bila kutaja karatasi yoyote. Umewahi kumwambia kwa mdomo wako kwamba yeye ndiye aliyekufanya fundi? Kwenye barua yako sijaona.

Kuacha kazi umekutaja mwishoni, kama mtu anayetaja kitu akiwa ameshafika mlangoni. Ukiacha, atabaki mwanamke mmoja kati ya saba, nafasi zitakuwa mbili, na pengine Mtaalamu ataingia kwenye moja. Sikatai. Ila usiku ule unapowaza hivyo, angalia kama unawaza kumpa yeye nafasi au unawaza kuikimbia ile salamu ya asubuhi.

Niandikie baada ya kikao, vyovyote kitakavyokwenda. Na kabla ya kikao nakuomba jambo moja dogo. Yule dada aliyeacha, namba yake unayo? Mpigie, muulize mtoto anaendeleaje, halafu muulize ni siku gani hasa aliamua kutorudi, na siku hiyo kulitokea nini.